Unyevu Kama wa Jana

9 Machi

Daftari la kazi halina mahali pa kuandika kwamba mgongo unauma, ndiyo maana nimechukua hili jingine.

Leo tumemwaga vifuniko vya kwanza. Vinatakiwa arobaini, vya kufunika mtaro mkubwa wa maji ya mvua unaopita kati ya mtaa wetu na zahanati. Kwa sasa watu huuvuka kwa mbao mbili zinazoteleza, na mama mkwe wangu ni mmoja wao. Kidonda cha mguu wake husafishwa mara tatu kwa wiki, na hataki kubebwa. Anasema mtu aliyezaa watoto sita habebwi kama gunia.

Zege lenyewe si la kawaida. Sehemu moja kati ya tano ya saruji tumeitoa, tukaweka majivu ya pumba za mpunga. Badala ya kokoto tumetia zege kuukuu la majumba yaliyobomolewa, limesagwa. Na ndani yake tumechanganya vipande vya waya vilivyochomolewa kwenye matairi yaliyokufa. Mhandisi wetu amelipigania jambo hili miaka mitatu, tangu alipokuwa mwanafunzi wangu wa mazoezi hapa maabara. Vifuniko vikisimama, atapewa madaraja ayajenge kwa zege hili. Vikianguka, tutarudi kwenye saruji tupu na majivu yataendelea kumwagwa mtoni. Nilipomweleza mama mkwe alinitazama kwa huruma. Akasema majivu ni ya kusugulia sufuria.

11 Machi

Mvua. Vifuniko viwili tu. Mchanganyaji wetu tunamwita Polepole, na jina limezoeleka hadi limeingia kwenye orodha ya zamu. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza ni chumba gani.

13 Machi

Kila asubuhi, kabla ya zege kuchanganywa, nachota majivu kidogo kutoka kwenye beseni lililo karibu na mashine, nayapima, nayatia kwenye oveni, kisha nayapima tena. Yakiwa na maji, maji hayo hupunguzwa kwenye ndoo ya kuchanganyia, la sivyo zege linanyweshwa mara mbili. Ni kazi ya saa nzima. Jana yalikuwa makavu. Juzi makavu. Leo makavu kama unga wa poda. Kwa mvua hii ni ajabu, lakini turubai linalofunika majivu bandani ni jipya, nami nimelisifu turubai mbele ya watu.

16 Machi

Makavu.

17 Machi

Makavu. Nimepoteza saa nyingine kupima kitu kisichobadilika.

18 Machi

Sikupima. Nimeandika: unyevu kama wa jana. Nilipoinuka kwenye kiti nilitoa sauti ambayo zamani alikuwa akiitoa mama yangu.

20 Machi

Sasa najua kwa nini tunachelewa. Leo nimefika mapema, nikamkuta Polepole amejikunja nyuma ya banda, amewasha moto chini ya bati, mikono ameinyoosha, anaota. Saa mbili inakaribia na mashine haijazungushwa hata mara moja. Wenzake wamesimama na mabeleshi yao wanapiga soga. Nilimwuliza kama amekuja kazini au matembezini. Akasema, "Haraka haraka haina baraka, mama." Nikamwambia uvivu nao haujawahi kubarikiwa. Wenzake wakacheka, naye akainama akachochea moto wake.

Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na leo nimemwona jinsi alivyo.

22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Unyevu kama wa jana. Mama mkwe aliteleza kwenye mbao, akashikwa na mpita njia. Amenisimulia mara nne, na kila mara mpita njia anazidi kuwa kijana na mzuri.

23 Machi

Polepole alikuja mlangoni jioni, kofia mkononi, na habari zake za majivu. Nilimwambia aje kesho. Hadithi zake hazina mwisho, nami nilikuwa nimeshavua viatu.

24 Machi

Mhandisi ametuita. Wakubwa wanamsukuma: mvua kubwa inakuja, mtaro uko wazi, na mpaka leo tuna vifuniko ishirini na viwili. Aliuliza kinachotuchelewesha ni nini. Nikasema ni mchanganyaji, anaota moto saa nzima kila asubuhi. Sikuongeza chumvi, nilisema nilichokiona. Kufikia saa sita Polepole alikuwa amepewa fagio na kazi ya kufagia uwanja. Hakubisha. Nafasi yake ameishika yule tunayemwita Umeme.

25 Machi

Vifuniko sita kwa siku moja! Saa moja na nusu mashine ilikuwa inazunguka, hakuna moto, hakuna soga. Zege lilikuwa laini, linajaa lenyewe kwenye kalibu, lile umbo la kumwagia, bila kugongwagongwa. Nimemsifu Umeme. Unyevu kama wa jana.

26 Machi

Sita. Unyevu kama wa jana.

27 Machi

Sita. Arobaini vimetimia. Unyevu kama wa jana. Nimelala saa kumi na moja jioni na nguo zangu.

1 Aprili

Vipande vya majaribio vya zege la tarehe ishirini na tano vimetimiza siku saba, nimevikandamiza kwa mashine. Matokeo yako chini. Lakini zege la majivu ndivyo lilivyo, hukomaa taratibu, na ukilipima mapema utalionea. Nimeandika "kawaida".

6 Aprili

Siku njema, nayo inastahili ukurasa.

Leo mihimili ya siku ya kwanza kabisa imetimiza siku ishirini na nane. Mhimili huu ni kipande cha majaribio cha zege lile lile la vifuniko, kirefu kama mkono wangu. Unaulaza juu ya nguzo mbili ndogo, mashine inaukandamiza katikati. Zege la kawaida halina adabu: linabeba, linabeba, kisha kah, vipande viwili sakafuni, bila onyo. Huu wa leo ulipasuka chini, ufa mwembamba kama unywele, mshale wa mashine ukashuka kidogo, kisha ukasimama. Ukaendelea kubeba. Tukauongezea mzigo, ufa ukapanuka, ukaendelea kubeba. Ndani ya ufa waya zilionekana zimeng'ang'ania pande zote mbili. Tabia hiyo Mhandisi huiita ukakamavu. Nguvu ni kubeba ukiwa mzima, anasema, na ukakamavu ni kubeba baada ya kupasuka, ili aliye juu yako apate nafasi ya kuondoka.

Mtoto wa watu alinishika mabega akanizungusha maabara nzima. Nilimwambia aniache, nina mgongo. Lakini nilifurahi, sitasema uongo.

Kwa matokeo hayo wakubwa wameamua vifuniko vyote vitandikwe wiki ijayo, vilivyopimwa na ambavyo havijapimwa. Mhandisi alitaka tusubiri. Wakamwuliza, mtaro nao utasubiri?

10 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

16 Aprili

Vyote arobaini viko juu ya mtaro. Tumevilaza kifudifudi, maana upande ulioguswa na kalibu ndio laini na watu hawajikwai. Mama mkwe alikuwa miongoni mwa waliovuka kwanza. Aligonga kwa fimbo yake hapa na pale kama anayebisha hodi, akasema, "Haya, majivu yenu yameweza."

19 Aprili

Polepole anafagia nje ya dirisha langu. Hata kufagia anafagia kama anayehesabu mchanga. Hatusalimiani.

22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Mihimili ya tarehe ishirini na tano Machi imetimiza siku ishirini na nane. Nilikuwa peke yangu. Niliulaza wa kwanza, nikawasha mashine, nikageuka kutafuta kalamu. Kah. Nilipotazama, vipande viwili vilikuwa sakafuni. Nikajiambia labda sikuulaza sawasawa. Nikaulaza wa pili kwa kipimo, nikaukodolea macho. Kah. Wa tatu vilevile. Nikaokota vipande. Waya zilikuwemo, hesabu yake kamili, lakini zilikuwa zimechomoka safi, bila chembe ya zege, kama uzi wa nguo iliyochakaa. Zege lilikuwa na vitundu vitundu na lilimong'onyoka kwa kucha yangu. Hilo ni zege lililokunywa maji kupita kiasi.

Nilikwenda banda la nyuma, nikachota majivu chini ya lile turubai langu la sifa. Gramu mia tano ziliingia kwenye oveni. Zilitoka mia tatu na tisini. Nikarudia, nikapata hayo hayo.

Nje nilimkuta mlinzi wa lango. Nilimwuliza kama turubai lilitoboka hivi karibuni. Akasema turubai limekuwa likivuja tangu Machi, ndiyo maana Polepole alikuwa akiyakausha majivu.

"Akiyakausha wapi?"

"Juu ya bati, motoni, kila asubuhi. Kwani hukumwona, mama?"

Nilimwona. Nilimwona vizuri sana.

Nilirudi ndani nikafungua daftari la kazi, kisha hili. Yote nimeyaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Majivu niliyoyapima yalikuwa makavu kwa sababu mtu alikuwa ameyakausha, na kwa kuwa yalikuwa makavu kila siku nikaacha kuyapima, na kwa kuwa yule mtu alikuwa anachelewa kwa kuyakausha, nikamwondoa. Na kabla sijamwondoa alikuja mlangoni kuniambia, nami nikamwambia aje kesho. Vifuniko kumi na vinane vimemwagwa kwa maji ambayo hakuna aliyeyahesabu, na aliyepaswa kuyahesabu ni mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa leo ni siku ya mama mkwe ya zahanati.

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, koti la maabara, mvua, matope. Nilimkuta katikati kabisa ya mtaro, amesimama juu ya kifuniko, amejiegemeza kwenye fimbo, anapumzika. Chini yake maji yalikuwa yananguruma. Kuna vyema ishirini na viwili na vibovu kumi na vinane, vimechanganywa, na tarehe tulizochora juu yake siku ya kumwaga zimelala kifudifudi. Sikujua yeye amesimama juu ya kipi, wala mimi nakanyaga kipi. Nilitembea pembeni kabisa, mahali zege linapokalia ukuta wa mtaro, nikamnyooshea mkono. Nilimwambia asogee kwangu taratibu, asigonge fimbo.

"Si ndiyo mawe yenu haya?" akaniuliza.

"Ndiyo yetu, mama. Mengine ni mabovu."

"Nani kayaharibu?"

Nilikuwa nimemshika mkono kwa nguvu mno, baadaye niliona alama.

"Mimi."

Tulifika nchi kavu. Kisha akasema nikaoge, nitapata homa.

23 Aprili

Nilimweleza Mhandisi yote, nimesimama, kama mwanafunzi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: tukiandika kwamba vifuniko vimeshindwa, wakubwa hawatauliza nani wala vipi, watasema majivu yameshindwa, na hapo ndipo mwisho. Akapendekeza tuandike "hitilafu katika uchanganyaji".

Nilimwambia, "Mwanangu, uchanganyaji una watu wake. Mmoja ameshapewa fagio."

Akaniangalia. Nadhani alikuwa anatafuta yule mwalimu aliyemfundisha kutoandika namba asiyoipima. Nami nilikuwa namtafuta.

Tumekubaliana jambo moja tu leo: mtaro umefungwa kwa kamba kuanzia saa saba. Watu wamelalamika sana. Mbao mbili zimerudishwa.

24 Aprili

Mtu wa mkokoteni alichoka kuzunguka. Aliinua kamba akapita na madumu yake ya maji. Kifuniko cha tisa kutoka upande wa zahanati kilikatika pande mbili kama biskuti, bila ufa, bila onyo. Mkokoteni ulizama. Yeye aliruka, akachunika mguu kutoka gotini hadi kifundoni. Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama si sisi tuliotangaza kwamba zege hili hata likipasuka halianguki. Nilisema ndiyo, ni sisi.

Umati ulikuwa unasema majivu, majivu. Nimewasikia kwa masikio yangu.

25 Aprili

Nimeandika ripoti. Nimeifuta mara tatu, si kwa sababu sikujua la kusema. Miaka thelathini na moja sijawahi kurudishiwa karatasi. Watu wa mashirika mengine hupiga simu kuuliza kama ni mimi niliyetia muhuri, wakisikia ni mimi hawaulizi tena. Hilo ndilo nililonalo. Sina nyumba ya ghorofa.

Mwishowe nimeandika hivi: majivu hayakushindwa. Majivu yalilowa, na fundi wa maabara, yaani mimi, aliacha kuyapima tangu tarehe kumi na nane Machi, akaandika kipimo ambacho hakukichukua. Mchanganyaji wa kwanza aliligundua tatizo na kulitibu kila asubuhi. Aliondolewa kwa malalamiko ya fundi huyo huyo.

Nimegonga muhuri. Kisha nimekaa.

28 Aprili

Mkurugenzi wa shirika letu aliisoma ripoti mbele yangu, mstari kwa mstari, kwa sauti, jambo ambalo halikuwa lazima. Aliniuliza kama najua maana ya nilichokiandika. Nilimjibu kwamba najua. Akauliza kama yule Polepole ana cheti chochote. Nikamwambia hana, ila ana bati.

Mhandisi alisema tupewe nafasi ya kuonyesha: vifuniko vigeuzwe, tarehe zisomwe, na kimoja cha Polepole kipakiwe mzigo hadharani. Mkurugenzi amekubali, lakini kwa hasira.

30 Aprili

Nimerudisha muhuri.

3 Mei

Mama mkwe ameniuliza mbona siku hizi natoka nyumbani nimechelewa. Nilimwambia sina tena cha kuwahi. Alinikaripia. Alisema yeye anatembea na kidonda, na mimi nina miguu miwili mizima. Kisha, alipodhani nimelala, aliniwekea chai mezani na kuifunika na sahani. Huyu mama amekaa kwangu miaka minane, tangu mwanawe alipofariki, na mpaka mwezi huu nilikuwa nadhani ananivumilia tu.

6 Mei

Mvua imepungua. Watu walijaa pande zote mbili za mtaro, wengi walikuja kuona tukiaibika.

Vimegeuzwa vyote thelathini na tisa vilivyobaki. Kumi na saba vimewekwa kando vivunjwe. Mhandisi akachagua kifuniko cha tarehe kumi na tisa Machi, kikalazwa mahali pake juu ya mtaro, na wanaume wakaanza kupanga mifuko ya mchanga. Mifuko kumi. Ishirini. Kwenye wa ishirini na sita tulisikia mlio, ufa ukatokea chini, mtu mmoja akasema "haya sasa". Mkurugenzi akatazama saa yake. Kifuniko kilikuwa kimebonyea kidogo katikati, kimebaki pale pale. Wakaongeza mitano. Kikabonyea tena, kikabaki. Tuliondoka saa tisa na mifuko iko juu yake.

Anayepima sasa ni fundi niliyemfundisha mimi, na karatasi ametia saini yeye. Mimi nilisimama nyuma na mwavuli wa mama mkwe. Mama mkwe aliponiambia kwa sauti kubwa, "Kumbe kuna majivu na majivu," watu walicheka, hata Mkurugenzi alicheka kidogo.

Mpango unaendelea. Polepole amerudishwa kwenye mashine, na bati limeandikwa kwenye orodha ya vifaa.

Sikwenda kumwona. Nilimwona kwa mbali, nikapitia mlango wa nyuma.

7 Mei

Sikwenda leo pia.

9 Mei

Nimekwenda.

Nilifika kabla ya saa moja. Alikuwa nyuma ya banda, amechuchumaa mbele ya bati lake, anayageuza majivu kwa beleshi, mvuke unapanda. Nilimwamkia. Akaitikia bila kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku, maneno nimeyapanga. Nilimwambia nilimdhania mvivu, kumbe alikuwa anafanya kazi yangu. Nikamwambia moto ule niliousimanga ndio uliookoa vifuniko ishirini na viwili. Naomba radhi.

Akageuza majivu upande mmoja, akageuza upande wa pili.

"Usiniombe radhi kwa moto, mama. Siku zile za mwanzo nilikuwa naota kweli. Mikono ilikuwa inaniuma kwa baridi. Majivu niliyaweka juu ya bati ili mtu akinikuta asinifukuze."

Nilichuchumaa karibu na moto.

"Baadaye ndiyo nikaona yale yaliyokaa motoni yanashika vizuri," akasema. "Nikaacha kuota, nikaanza kuyakausha kwa makusudi. Nikasema, hili nalo mama wa maabara alijue. Nikaja." Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa mlango ndiyo uniombe radhi."

Nilimwomba. Sikuwa na maneno niliyoyapanga kwa hilo, nilisema tu kwamba alikuja nami nikamfukuza kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwamba hata nisingekuwa nimechoka, sidhani kama ningemsikiliza.

Aliendelea kugeuza majivu kwa mwendo wake wa kawaida, yaani taratibu. Kisha akasogea, akanipa beleshi, akasema upande ule bado mbichi.